Mwalimu Aliyeupandisha Mwani Mlimani

Kabla hujamwona Mwalimu, ulimsikia. Kicheko chake kilivuka uzio wa masale uliotenganisha ua wake na wetu pale Shirimatunda, kikapita juu ya banda la ng'ombe, na kuku wetu walinyanyua vichwa kana kwamba wameitwa darasani. Alinifundisha sayansi kimu nilipokuwa sekondari. Alipostaafu akajenga kando yetu, na wakati huo mimi nilikuwa nimeshafungua kichumba changu cha ushonaji mjini Moshi, lakini sikuacha kumwogopa kidogo, hata siku nilizokuwa nampimia gauni. Kila mtu alimwita Mwalimu. Nasikia hata marehemu mumewe alimwita hivyo, tena mezani: "Mwalimu, nisogezee chumvi."

Alikuwa mfupi, mnene wa mikono, mwenye mwendo wa mtu aliyechelewa harusi. Mkononi hakukosa kitu cha kuonjesha, na hiyo ndiyo ilikuwa hatari ya kukutana naye. Ulimwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," naye kabla hajaitikia marahaba alikuwa ameshakutia kijiko mdomoni. Kisha alikutazama macho. Alisema mdomo wa Mchagga umefundwa adabu tangu utotoni, lakini macho hayajafundwa, na humo ndimo ukweli wa chakula unamokaa.

Alikuwa na msemo alioutumia mpaka ukachakaa: "Chakula hakiharibikii jikoni. Kinaharibikia njiani." Mchele wa Mabogini aliupenda kuliko wowote, lakini hakuusamehe. Aliumwaga kwenye ungo, akachambua mawe huku akiyahoji: "Wewe umetoka kwenye sakafu ya nani? Na wewe? Mama yako anajua uko huku?" Biashara ilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wa kahawa wakaanza kupanda mlima na magari yao, wakizoa kavu na yenye maji, nzuri na mbovu, wote tulifurahi kwamba angalau kuna mtu anakuja. Mwalimu alisimama kando ya barabara akitikisa kichwa. "Uhuru wa kununua si uhuru wa kuchanganya," alisema, na dereva mmoja akamuuliza kama yeye ni wa serikali. "Mimi ni wa jikoni," akamjibu, "ambako nyote mtafika."

Mwani ulimjia kupitia bintiye mkubwa. Binti huyo alipangiwa kufundisha shule ya msingi huko mwambao wa Tanga, akaolewa hukohuko, ndoa iliyosemwa sana mlimani kwa muda, mpaka watu wakapata ndoa nyingine ya kusema. Krismasi moja alikuja na mfuko wa majani makavu ya zambarau, yaliyojikunja kama nywele zilizoungua, yamejaa chumvi. Akatueleza kwamba kina mama wa kule wanaulima baharini, kwenye maji ya magotini, wanaufunga kwenye kamba, wanauvuna na kuukausha, na kuna wanunuzi wanaupeleka ng'ambo kutengenezea vitu vya kugandisha.

Mwalimu alikuwa anamenya ndizi. Aliacha. "Kugandisha nini?"

"Kila kitu, mama. Hata jeli."

Hapo inabidi nieleze, kwa sababu asiyesoma darasani kwake hataelewa kwa nini mwanamke mzima alisimama na kisu mkononi na macho yakamjaa maji. Miaka ile ya maduka matupu, Mwalimu alitufundisha jeli ubaoni. Unga wa kugandishia haukuwepo Moshi, haukuwepo popote tulipopajua. Basi aliichora. Alichora sahani, juu ya sahani akachora kilima kinachong'aa, na pembeni ya kilima akaweka vimistari vya kuonyesha kwamba kinatetemeka. Tuliinakili. Tuliulizwa kwenye mtihani, tukajibu, tukafaulu. Wasichana wa miaka mingi walitoka mikononi mwake wakiijua jeli kama wanavyojua mwezi: kwa sura tu. Aliniambia baadaye kwamba kila alipofuta ule mchoro aliona anafuta uongo.

Kwa hiyo mwani ule haukulala mfukoni. Kwanza aliutia kwenye mtori wa ndizi, akatugawia ua mzima. Baba yangu, mtu wa maneno machache, alikunywa bakuli lake lote kwa heshima, akafuta mdomo, akasema, "Mwalimu, mtori ni mzito vizuri. Ila kuna mtu ameoga ndani yake."

Mwalimu alicheka hadi akashika nguzo ya kibaraza. Halafu akarudi jikoni kuanza upya. Aliulowesha kwenye maji baridi, akabadilisha maji, akaukamulia ndimu, akauloweka tena, na kidogo kidogo ile bahari ikatoka. Aliuchemsha na maji ya rosela na sukari, akaumimina kwenye sinia, akaliweka sinia juu ya sakafu ya saruji pabaridi. Asubuhi aliniita nipite kwake kabla ya kwenda kazini. Aligonga ukingo wa sinia kwa kidole. Kile kitu chekundu kikatetemeka.

"Unaona?" akasema kwa kunong'ona. "Vile vimistari."

Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimeshajifungua watoto, na ndiyo kwanza nilikuwa naonja jibu la mtihani wangu wa kidato cha pili.

Lakini jeli hiyo ndiyo iliyomponza. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa anapata kipaimara, na kama ilivyo kwetu, watu walijaa uani kutoka Kibosho mpaka Himo. Mwalimu ndiye aliyekuwa kiongozi wa jiko la kina mama wa usharika, cheo ambacho hakuna aliyemchagulia na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, alikuwepo, machalari ya ndizi na nyama yalikuwepo, pombe ya mbege ilikuwepo kwa wazee waliokaa upande ambao mchungaji alijifanya haoni. Na mwisho, mbele ya macho ya watu wote, yakaja masinia ya jeli nyekundu yakitetemeka juu ya vichwa vya wasichana. Watu walipiga vigelegele. Hakuna aliyeambiwa ni nini. Mwalimu hakuichuja, kwa kuwa alitaka vipande vya mwani vionekane ndani yake kama matunda.

Mchungaji alikula, akaongeza. Katika ile ya pili tukasikia kitu kikilia *ka*. Akaacha kutafuna. Akatoa mdomoni, kwa vidole viwili, kipande cha kombe la baharini, na baada yake kipande cha jino lake mwenyewe.

Hata wale wa upande wa mbege walishusha vibuyu vyao. Mwalimu alikuja, akalichukua lile kombe, akaliinua juani, akaligeuzageuza.

"Hili limetoka wapi?" akauliza.

"Mwalimu," mchungaji akasema huku ameshika shavu, "mimi nilitaka kukuuliza wewe."

Habari ilipofika sokoni ilikuwa imeshakuwa kwamba Mwalimu amewalisha watu takataka za baharini. Ilipofika Kibosho ilikuwa ni konokono hai. Kina mama wa usharika walikaa, wakamwondoa jikoni. Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo dogo, mapumziko hata. Kwa Mwalimu ilikuwa kama kuvuliwa nguo barabarani. Nilimwona sherehe iliyofuata ameketi kwenye kiti cha wageni, sahani mapajani, akila wali wenye mawe bila kuuliza wazazi wao. Hicho ndicho kilichonitisha.

Alichuma jani la sale kwenye uzio wetu, akaenda nalo kwa mchungaji kuomba radhi kama desturi ya mlima inavyotaka. Mchungaji alilipokea, akamsamehe palepale. Ila jino lilikuwa limeacha pengo, na kuanzia siku hiyo kila "s" yake ilitoka na filimbi. Jumapili alipotamka "Sifa zote," watoto wa mstari wa mbele walijificha nyuma ya vitabu vya nyimbo.

Wiki chache baadaye Mwalimu aliingia kwenye kichumba changu cha ushonaji bila kubisha. "Funga safari," akasema. "Tunakwenda kumwona mzazi wa lile kombe."

Sharti nimseme na kwa mapungufu yake, maana hakuwa malaika. Alihubiri usafi na upangaji, lakini stoo yake mwenyewe ilikuwa msitu. Ndani yake kulikuwa na baiskeli ambayo hakuna aliyeijua. Aliwakataza watu kuonja kwa kijiko cha kupikia, naye alikilamba akidhani umegeuka. Hakuvumilia kusifiwa, ukimsifu alikutuma maji. Na huyu mwanamke aliyetaka mlima mzima ule majani ya bahari, hakula samaki hata mara moja. Wazee wake walimwambia ni nyoka wa majini, na elimu yote ya chuo haikumtoa hapo. "Samaki ananitazama," alisema. "Mwani hautazami mtu."

Tena aliogopa maji. Tulipofika ufukweni, mimi nilivua viatu mara moja, nikakimbilia mawimbi kama ndama. Mwalimu alibaki amesimama mchangani na raba zake, begi begani, akiitazama bahari kama anavyotazama mwanafunzi mpya ambaye faili lake halijafika.

"Ni kubwa bila sababu," akasema mwishowe.

Hapo ndipo alipokutana ana kwa ana na mama mkwe wa bintiye. Kwenye harusi walionana kwa haraka, kila mmoja na kundi lake. Sasa walikuwa wawili tu. Mkwe alikuwa mrefu, mkavu, mweusi tii, kanga mbili na jicho moja lililofumba nusu kama anayelenga shabaha. Alikuwa kiongozi wa kina mama wa mwani pale kijijini. Alitukaribisha kwa chai ya tangawizi na mikate ya kumimina, akatuuliza habari za watu wote na za ng'ombe, kisha akasema kwa upole, "Nasikia mkwe wangu umekuja kutufundisha bahari."

"La, mkwe," Mwalimu akajibu kwa upole uleule. "Nimekuja kuuliza kombe limeingiaje kwenye mwani."

Jibu lilikuwa mbele yetu. Mwani ulivunwa vizuri, ukabebwa vizuri, halafu ukatandazwa chini. Sehemu nyingine ulikuwa juu ya makuti, sehemu nyingine juu ya mchanga mtupu. Mbuzi walipita. Watoto walipita wakifukuza mbuzi. Mvua ndogo ilipotisha, kina mama waliukusanya kwa mikono yote miwili na ufukwe ukaja pamoja nao. Jioni umande uliulowesha, asubuhi ukaanza kukauka upya. Siku ile wakala wa mnunuzi alikuwepo, kijana mwenye miwani ya jua. Alichota konzi la mwani kwenye gunia, akalipiga juu ya meza, na mchanga ukamwagika na kufanya kichuguu kidogo. Akalirudisha. "Mama zangu," akasema, "mimi sinunui ufukwe." Akakataa zaidi ya nusu ya magunia. Kina mama walifunga magunia yao wakaondoka, na mama mmoja kijana alijifuta uso kwa ncha ya kanga akijifanya anafuta jasho.

Mwalimu aliyaona yote hayo. Alinikamata mkono. "Huku nako wanaondolewa jikoni," akaniambia.

Asubuhi yake alianza kazi, na alianza vibaya. Kwetu kahawa ikimenywa huoshwa kwa maji baridi ya mfereji mpaka ute uishe, halafu huanikwa juu ya vichanja vya waya, juu kabisa, upepo upite chini. Aliyajua hayo tangu anabebwa mgongoni. Basi akawaambia kina mama wateke maji ya kisima wajaze mapipa, wauoshe mwani hadi chumvi na mchanga vitoke. Alisimama na kijiti akielekeza. Kina mama wakatazamana, wakamtazama mkwe, mkwe akakunja mikono na kusema, "Fanyeni anavyosema mgeni." Wakaosha. Mwani ulitoka ukimetameta. Mwalimu alikuwa anaimba.

Kesho yake mwani ule ulikuwa umepauka kama ngozi ya mikono iliyoshinda ikifua, umelegea, unateleza, na harufu yake ilimfanya hata mbuzi abadilishe njia. Mkwe aliuinua kwa kidole kimoja. Ukadondoka.

"Mkwe," akasema, "huko kwenu mlimani mvua hainyeshi?"

"Inanyesha sana."

"Basi mbona hukuitambua ulipoijaza kwenye mapipa? Mwani mbichi ukipigwa na maji yasiyo na chumvi, ya mvua au ya kisima, umekufa. Kila mtoto hapa anajua."

"Na mbona hamkuniambia?"

"Ulikuwa umeshika kijiti," mkwe akasema. "Tukajua uko kazini, tukakuheshimu."

Mimi nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake. Mwalimu alimtazama mkwe, akautazama mwani, akakitazama kile kijiti mkononi mwake. Kisha kikaanza kutoka chini tumboni, kile kicheko, kikapanda, kikamtikisa, mpaka akakaa kitako juu ya ule mwani uliooza, na mwani ukateleza naye mpaka chini ya mteremko wa mchanga. Mkwe alikimbia kumwinua. Alimshika kwapa, akavuta, akateleza na yeye, wakawa wawili chini, kanga huku, raba kule. Yule mwanamke mkavu ambaye kina mama walisema hawajawahi kumwona hata akitabasamu vizuri alikuwa amelala chali anapiga mchanga kwa viganja vyake na kulia kwa kucheka.

"Haya," Mwalimu alisema alipopata pumzi. "Wewe nifundishe maji. Mimi nikufundishe kichanja."

"Kichanja ni nini?"

"Ni kitanda cha kitu ambacho hakitakiwi kulala chini."

Hivyo ndivyo walivyofanya kazi, wakibishana tangu asubuhi. Mkwe alisema mwani uoshwe baharini kwenyewe, kwenye maji masafi, kabla haujagusa nchi kavu. Unatikiswa kamba kwa kamba, unachambuliwa magugu na makombe humohumo majini. Hapo Mwalimu alilazimika kuingia baharini. Alivua raba, akaziweka mbali kabisa kama anayeaga, akashika pindo la kanga ya mkwe, akaingia akisoma Zaburi kwa sauti. Maji yalipofika magotini alisimama. Yalipofika kiunoni alikuwa ameshasahau, anagombana na mtu juu ya kipande cha gugu.

Naye Mwalimu alisimamisha vichanja vya fito, kimo cha kiuno, nyavu chakavu za wavuvi zikatandikwa juu. Mkwe alipinga. "Tuuweke juu kama sahani za harusi? Mwani ni mwani." Lakini alisaidia kufunga fito, na mafundo yake yalikuwa bora kuliko ya mtu yeyote. Mimi nilikaa chini ya mnazi na cherehani ya kuazima, nikashona vifuniko vya turubai vyenye kamba pembeni, ili mtu mmoja aweze kuvuta na kufunika kichanja chote. Nusu ya kina mama waliafiki. Nusu nyingine walisema wataendelea kwenye mchanga waone.

Wingu lilikuja mchana mmoja bila kupiga hodi. Wa mchangani walikimbia, wakazoa, wakapiga kelele, mwani na ufukwe pamoja. Wa vichanjani walivuta kamba. Tulisikia tu *wap, wap, wap*, turubai zikishuka moja baada ya nyingine, kisha kina mama wale wakasimama chini ya mvua hawana la kufanya. Wakaanza kucheza. Mkwe alikuwa katikati.

Wakala aliporudi alichota konzi kwenye gunia la kwanza, akalipiga mezani. Hakikutoka kitu. Akapiga tena. Akainama, akatazama chini ya meza.

"Unatafuta nini, baba?" mkwe akamuuliza. "Umepoteza pete?"

Akanunua wote uliokaukia vichanjani. Waliobaki mchangani walianza kukata fito jioni ileile.

Tulirudi Moshi na mfuko wa mwani mkavu uliolia kama karatasi ukiukunja. Safari nyingine, baadaye, Mwalimu alijaribu kuleta mwani mbichi kwenye gunia. Ulioza ukiwa chini ya kiti kabla basi halijafika Mombo, na kondakta akazunguka akinusa miguu ya abiria mmoja mmoja. Mwalimu alisimulia kisa hicho kila mahali, akiigiza kondakta, abiria, na gunia lenyewe.

Sikukuu ya mavuno usharikani watu walileta mikungu ya ndizi, kahawa, magimbi, majogoo waliofungwa miguu. Mwalimu aliweka kikapu cha mwani madhabahuni. Ibada ilipokwisha, mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi mazao alifika kwenye kikapu hicho, akakiinua, akakwama. "Na hiki, ndugu zangu, hiki ni… Mwalimu, hiki ni nini mbele za Mungu?"

Kicheko kilitaka kuanza, kikaishia njiani, maana Mwalimu alikuwa ametoka mstari wa nyuma na sinia. Jeli ilikuwa ya rangi ya machungwa, inatetemeka kwa kila hatua. Alienda moja kwa moja kwa mchungaji, akampa kijiko. Kisha akamtazama macho.

Mchungaji aliitazama. Alitazama usharika. Akachota kidogo, akakipeleka upande ule wenye meno mazima, akafumba macho kama anayeomba. Akatafuna. Tulikuwa tunasikia mbuzi nje. Akatafuna tena, safari hii kwa upande wa pengo.

"Sssafi," akasema.

Kanisa lilipasuka. Nadhani hata yeye hakujua kama amesema sifa ya chakula au ameshinda vita na lile jino, lakini alichota tena, na mwenyekiti wa kina mama, yuleyule aliyesimamia Mwalimu aondolewe jikoni, alikuja mbio kutoka upande wa pili na sahani yake mwenyewe. "Kwani nani kasema Mwalimu hayumo jikoni?" akauliza kwa ukali, akiwatazama wengine. Hakuna aliyejua nani kasema. Kikapu kilinadiwa mpaka watu wakagombana.

Tangu hapo ilikuwa kawaida kwenda kwake ukakuta mwani umelowekwa kwenye kila beseni, achari ya mwani na pilipili kwenye chupa, mwani uliosagwa ukiwekwa kwenye uji wa wazazi. Mwenye kipaimara bila jeli aliulizwa kama ana tatizo la nyumbani. Mwalimu alipanda na kushuka kati ya mlima na pwani, na kila aliporudi alikuwa mweusi zaidi na ana neno jipya la Kitanga la kututisha nalo.

Mimi baadaye nilihamia Dar es Salaam kufuata kazi ya mume, nikawa mmoja wa wale wanaorudi Desemba. Na aliyewahi kuiona Moshi wakati wa Krismasi anajua hali ya stendi: mabasi yanaingia yamejaa mpaka mlangoni, kila Mchagga wa kila mji anarudi kihambani kwao, kwenye shamba la ukoo, kuchinja na kuonekana.

Nilikuwa nashuka katika msongamano huo, mtoto mkono mmoja, begi mkono mwingine, nikamwona. Alikuwa amesimama kando ya basi la Tanga, amezeeka, mgongo umeinama kidogo, gauni nililomshonea mimi. Kondakta alikuwa anaita abiria kwa sauti ya kukata tamaa, kwa sababu hakuna mtu anayetoka Moshi siku hizo.

"Shikamoo, Mwalimu! Unampokea nani?"

"Marahaba, mwanangu. Simpokei mtu. Naondoka."

"Unaondoka? Krismasi?"

"Jua la kaskazi limeanza," akasema, kama anayeeleza jambo ambalo kila mtu analijua. "Ndiyo siku za kukausha. Mwani haungoji Krismasi."

Nikamuuliza kuhusu ukoo, mashemeji zake, mbuzi, mkutano wa familia. Alipunga mkono. "Wamenikasirikia wote. Wamesema mtu wa kihamba hawezi kwenda kuzeekea kwenye mchanga. Nimewaambia siendi kuzeeka, nakwenda kazini." Akanisogelea. "Tena wamenipa chumba, kule kwa mkwe. Kina dirisha. Asubuhi unaiona ile kubwa isiyo na sababu, imetulia, kina mama wanaingia wanaimba." Alishika shavu la mwanangu, akatafuta kitu mfukoni, akamtia mdomoni kabla sijaona ni nini. Akamtazama macho.

"Anapenda," akasema.

"Mama, panda," kondakta akamwita. "Chagua kiti chochote. Basi lote ni lako."

Alipanda. Injini ikawaka. Basi likaanza kurudi nyuma kati ya mabasi yaliyojaa, watu wakiligongagonga lipishe, nami nikanyanyua mkono kumuaga. Alikuwa dirisha la mbele, ananipungia. Basi likageuka, akapotea, kisha nikamwona dirisha la katikati, anapunga. Likaingia barabarani, nikadhani nimeshampoteza, ndipo akatokea kwenye kioo cha nyuma kabisa, amepiga magoti juu ya kiti cha watu watano, anapunga kwa mikono yote miwili.